Mkono Uliokamua Glovu

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, hamjambo? Jibuni kwa sauti bwana, mimi nimeshuka kutoka juu huko Makumira asubuhi hii, sikuja Kimandolu kusalimia ukuta. Haya. Hapo sawa.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha walioumia viungo ameniambia, "Mama, ongea kwa kifupi, watu wana wagonjwa wao nyumbani." Nimemwitikia kwa heshima zote. Lakini wanaonijua wananijua. Kifupi sina.

Kabla sijasema neno, tazameni huu mkono. Hata wewe mama uliyekaa pale karibu na mlango, sogea, usiogope, hauumi mtu. Hili kovu linaanzia hapa chini ya kiwiko linashuka mpaka karibu na kifundo. Lingine liko upande wa nyuma. Na hapa katikati mnaona ngozi inang'aa kidogo? Hii si ngozi ya mkono. Ni ya paja langu. Msicheke! Ndiyo, mimi natembea na paja mkononi, na sijamsikia mtu mwingine hapa Arusha nzima anayeweza kusema hivyo.

Leo simtaji mtu kwa jina. Wengi wao wako hai, na wengine nakula nao chungu kimoja. Ila ng'ombe nitamtaja, maana yeye hawezi kunishtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Anaitwa Ruksa. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuja kwetu wakati kila kitu kimekuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka la dawa mlangoni kwako, na sisi akina mama wa maziwa tukaambiwa ruksa kila mtu ajitafutie mnunuzi wake, kwa sababu lile gari la serikali lililokuwa linapita kukusanya lilishaacha kuja. Ulikuwa unabeba ndoo yako mwenyewe mpaka mahotelini.

Ruksa nilimpata kwa mradi wa usharika wetu. Mnaujua utaratibu: unapewa mtamba, jike ambaye hajazaa bado, unamtunza, na ndama jike wa kwanza unampa mwanamke anayefuata kwenye foleni. Na kuna sharti moja kali. Aliyepewa ng'ombe ndiye anayemlisha na kumkamua kwa mkono wake mwenyewe. Waliliweka kwa sababu huko nyuma kuna nyumba moja ilimwachia ng'ombe mchungaji wa kuajiriwa, na ng'ombe akafa kwa njaa huku kihamba, lile shamba la nyumbani, kimejaa majani. Ukishindwa kumtunza, kamati inakuja inamhamisha. Hakuna kubembelezana.

Mume wangu wakati huo alikuwa Mererani, chini ya ardhi huko, anatafuta jiwe la thamani. Akirudi anarudi, asiporudi harudi. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na mimi, watoto wadogo, mama mkwe wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Na Ruksa, mwenye mimba yake ya kwanza. Watoto wangu walikuwa wameshaanza kubishana nani atakunywa maziwa ya kwanza.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa asubuhi ya masika. Nakata mabingobingo kando ya mfereji, nimeinama, mkono wa kulia umeshika fungu la majani. Nikasikia kitu kimenichoma hapa, kwenye nyama ya kidole gumba. Nikadhani ni mwiba. Nikaangalia nikaona mkia unaingia kwenye majani. Jamani! Nilipiga yowe mpaka ndege wakaruka.

Shemeji akaja mbio na panga. Nyoka akamuua pale pale, hilo namsifu. Kisha akachomoa mpira kwenye baiskeli, ule wa tyubu tunaokata vipande kufungia mzigo wa majani, akanifunga hapa juu ya kiwiko. Akakaza kwa mguu, kama anavyofunga mzigo. Mama mkwe akafika, akagusa, akasema, "Huu umelegea," akaongeza wa kwake. Jirani naye akaja anatweta, ana mpira mkononi, angeachaje kufunga? Akafunga wa tatu. Ndugu zangu, nawaambia, huku kwetu mtu akiumwa na nyoka upendo unapimwa kwa kukaza. Na mimi nilipendwa sana siku ile.

Amri ikatolewa: asiufungue mtu mpaka daktari aone.

Wakanipakia kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka ndizi sokoni. Nikakaa juu ya mikungu, shemeji ananishika bega, nyoka yuko kwenye mfuko wa mbolea miguuni kwetu. Barabara ya kwetu mnaijua wakati wa masika. Tulikwama. Tukasukumwa, tukakwama tena. Tulipofika zahanati ya njiani, mhudumu akasema dawa ya nyoka hana, twende mjini, na ile mipira hakuthubutu kuigusa. Aliogopa sumu isije ikakimbia.

Wakati huo mkono ulikuwa unaniuma, nauma mtandio nisilie mbele ya shemeji. Baadaye ukaanza kutambaa kama umeingiwa na siafu. Baadaye tena, kimya. Haukuuma, haukuwasha, haukuwa na habari na mimi. Nikafurahi! Nikasema Mungu mwema, maumivu yameisha. Nilikuwa sijui. Kiungo kilichobanwa kikiacha kuuma, hapo ndipo pa kulia.

Tulifika hospitali mchana umeshakwenda. Nikakutana na daktari mmoja mwanamke, mwembamba, mkali kama pilipili. Akauliza, "Nyoka gani?" Shemeji alikuwa anasubiri swali hilo tangu nyumbani. Akafungua mfuko, akamtoa nyoka kwa mkia, akamwinua juu. Nesi mmoja akapanda kwenye benchi. Daktari yeye akasogea, akamgeuza kichwa kwa kalamu, akamtazama mdomoni.

"Huyu anakula panya," akasema. "Hana sumu."

Akaugeukia mkono wangu.

"Na hii mipira, nani kafunga?"

Shemeji, ambaye njia nzima alikuwa anamwambia dereva kwamba yeye ndiye aliyeniokoa, akamwangalia mama mkwe. Mama mkwe naye akamtazama daktari usoni akajibu, "Tulifunga wote. Tulikuwa tunampenda."

Shemeji kwa aibu akachomoa kisu ili aikate ile mipira upesi. Daktari akampigia kelele, "Usiguse! Usiguse kabisa!" Sisi tukashangaa. Si nyoka hana sumu? Si tufungue basi twende nyumbani?

Akatueleza huku anatafuta mshipa kwenye mkono wangu wa kushoto aniwekee maji. Akasema mkono wa kulia umekaa saa nyingi bila damu. Msuli usipopata damu unaanza kufa, na unavyokufa unavuja, na ule uchafu wake umejaa humo ndani. Ukifungua ghafla unakimbilia moyoni na kwenye figo. Kwa hiyo maji kwanza, mengi, halafu wafungue wakiwa wamejiandaa. Nakumbuka nilifikiri: kumbe sumu ipo, ila tumeitengeneza wenyewe.

Wakafungua. Wanawake wenzangu, mimi nimezaa, uchungu naujua. Ule haukuwa uchungu wa kuzaa. Wa kuzaa unakupa nafasi ya kupumua. Damu ilirudi mkononi ikakuta nyumba imebomoka, na mkono ukaanza kuvimba mbele ya macho yangu, ukawa mgumu, ngozi ikanyanyuka. Daktari akajaribu kuninyoosha kidole kimoja tu, nikamtukana. Baadaye nilimwomba radhi. Akasema msuli umevimba ndani ya kifuko chake, unajibana wenyewe, damu itakatika tena. Wakaniingiza chumba cha upasuaji wakapasua huku na huku ili msuli upate nafasi. Haya makovu ndiyo hayo.

Na mkojo wangu ukatoka rangi ya kahawa. Mimi nimekulia kwenye kahawa, nimechuma kahawa, rangi ya kahawa siwezi kukosea. Nikaogopa kuliko nilivyomwogopa nyoka. Nesi akanituliza, akasema ni ile misuli iliyokufa inapita, na ndiyo maana wananimwagia maji.

Asubuhi ya pili yake daktari akaja akafunua bandeji. Akasema sehemu ya nyama imekufa, wameiondoa. Iliyobaki wanaiangalia. Ikibadilika rangi, itabidi wakate mkono hapa juu ya kiwiko, nibaki na uhai.

Mama mkwe akaangua kilio. "Mkateni! Mkateni tubaki na mtu!"

Nikamwambia, "Mama, kwa heshima yako, mkono huu ni wangu. Nani atamkamua Ruksa?"

"Ng'ombe! Unafikiria ng'ombe!"

"Nafikiria watoto wangu watakunywa nini!"

Tukaanza kugombana pale pale wodini, mimi nimelala, yeye amesimama, wote tunalia. Daktari akatuacha tumalize. Kisha akasema, "Si wewe wala yeye atakayeamua. Ni mkono." Akanibonyeza ukucha wa kidole cha kati. Ukucha ukawa mweupe. Akaachia. Tukauangalia ule ukucha sote watatu. Ukarudi wekundu wake, taratibu, lakini ukarudi. Yule mwanamke mkali akatabasamu. Mkono ukabaki.

Mnapiga makofi? Subirini kwanza. Mkono ulibaki, ndiyo, lakini ulibaki kama mgeni aliyekaa tu sebuleni. Vidole vilijikunja vikagoma. Nikimwambia kidole nyooka, hasikii. Ukinichoma sindano kwenye kiganja, sina habari. Nyama ya hapa mbele ilinywea, ukabaki mfupa na ngozi.

Siku hizo ndipo mwenyekiti wa kamati ya ng'ombe alipokuja kuniona. Alikuja vizuri, na machungwa, na sabuni, akaniombea. Alipomaliza kusema amina akabaki amekaa, anageuzageuza kofia. Nikajua kuna neno.

"Mama, unajua sharti letu," akasema. "Shemeji yako anaweza kukata majani mpaka Ruksa azae. Lakini akizaa, atatakiwa kukamuliwa. Na wewe…"

"Nitamkamua."

"Kwa mkono upi?"

"Huu huu."

Akautazama mkono wangu pale juu ya mto. "Haya," akasema. "Tuombe Mungu."

Mnaijua ile "tuombe Mungu" ambayo maana yake ni hapana? Hiyo hiyo. Akanieleza kwa upole kwamba akizaa watakuja kuangalia, na nikishindwa Ruksa atakwenda kwa mama anayefuata, na nisiwe na kinyongo. Kinyongo nilikuwa nacho kabla hajafika mlangoni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia, na koleo langu halijavunjika, limepinda tu.

Sasa nawaletea mtu mwingine, na huyu nitamwombea mpaka naingia kaburini. Yule fundi wa mazoezi ya viungo, tulikuwa tunamwita fizio. Mwislamu wa Tanga, mcheshi, hakuna siku aliyoingia wodini bila utani. Siku ya kwanza akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaniuliza, "Dada, unadhani humu ndani kuna nini?"

Nikamjibu, "Maiti."

Akacheka. "Kuna maiti na kuna wachanga. Tuwazike maiti tulee wachanga."

Akanieleza, na nawaeleza ninyi kama alivyonieleza, kwa sababu yalinirudishia roho. Msuli ni nyuzi nyingi zimelala pamoja. Damu ikikatika muda mrefu, nyuzi zinakufa. Damu ikirudi, kwanza mwili unasafisha, unazila zile zilizokufa unaziondoa, ndiyo maana mkono unanywea kabla ya kujaa. Lakini ubavuni mwa kila uzi kuna vimbegu vidogo vimelala tangu ulipozaliwa, havina kazi. Uzi ukiumia, vinaamka. Vinazaana, vinaungana, vinakuwa uzi mpya mahali pa ule wa zamani. Mradi damu ifike na ganda la ule uzi liwe halijaharibika.

Nikamwambia, "Kama mgomba! Ukiangusha mama, watoto wako pembeni."

"Sisi Tanga tungependa kusema mnazi," akajibu, "lakini mnazi ukikatwa umekatwa. Chukua mgomba wako." Halafu akaninyooshea kidole. "Ila mgomba hauoti kwa kuvutwa, dada. Ukiushughulisha msuli mchanga mapema sana unaupasua. Ukiulaza tu, unaota makovu. Kila siku kidogo, na kesho kidogo zaidi. Na mshipa wa fahamu, huo unatambaa kuliko konokono, usiugombeze."

Mimi nisigombeze! Hakunijua bado.

Mama mkwe naye alikuwa na tiba yake. Alikuja na mafuta ya kondoo na kitambaa cha maji ya moto, akaanza kunichua. Kwa mapenzi, hilo sina shaka. Lakini mkono ule haukuwa unasikia moto. Alikanda akakanda, anaimba na pambio, na mimi nimelala nasema ahsante mama. Alipotoa kitambaa, ngozi imeota malengelenge. Tuligombana ugomvi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, mpaka wagonjwa wengine wakatuamulia. Nilimwambia amenifunga, na sasa amenichoma, anataka nini tena? Maneno yale yalimuumiza. Akaondoka hakurudi siku hiyo.

Aliporudi alikuja na sufuria ya loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando ninayoyapenda, akaweka pembeni ya kitanda. Fizio akamkuta pale. Hakumkemea. Akamwambia, "Mama, hiyo mikono yako ina nguvu na huruma. Nakupa kazi." Akamfundisha kuninyoosha vidole, kimoja kimoja, polepole, mpaka pale vinapokaza, hapo asubiri, arudishe. Pambio ruksa. Na tangu siku hiyo mama mkwe wangu hakukosa. Asubuhi na jioni, kidole kimoja ubeti mmoja. Nilijua nyimbo zote za kitabuni kabla sijajua kukunja ngumi.

Sasa ya glovu. Siku moja fizio akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia nakamua, au nataka kukamua. Akasema, "Nionyeshe vidole vinavyofanya." Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto: gumba na shahada vinafunga juu ili maziwa yasirudi, halafu cha kati, cha pete, cha mwisho, vinashuka kwa zamu. Akatazama sana. Akatoka. Akarudi na glovu ya mpira, ile ya madaktari, ameijaza maji, ameifunga shingoni. Akaining'iniza kwenye nondo ya dirisha karibu na kitanda changu, akaitoboa ncha za vidole kwa sindano, akaweka beseni chini.

"Haya dada. Ng'ombe wako wa mjini huyu. Kamua."

Wodi nzima ilicheka! Kulikuwa na mama mmoja amevunjika paja, amening'inizwa mguu, alicheka mpaka akaomba nesi amshike. "Mnyime majani uone kama atatoa!" akapiga kelele. Mimi nikaishika ile glovu. Sikuweza hata kuikunjia kidole. Nikaning'iniza mkono wangu pale kama nguo kwenye kamba. Fizio akasema, "Kesho."

Na kesho yake hivyo hivyo. Na kesho yake tena. Wale waliocheka wakaacha kucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi, kwa sababu mtu akianza kukuonea huruma ujue amekukatia tamaa. Kuna siku nilimwambia fizio akitoe kile kitu, kinanidhihaki. Akasema, "Nitaitoa ukinikamulia chai." Nikampa mgongo.

Nilikuwa nakasirika, nakiri nilikuwa nakasirika. Lakini kila walipotoka nilikuwa naurudisha mkono pale. Mama mkwe ananyoosha, mimi nakunja. Ananyoosha, nakunja.

Halafu asubuhi moja, hata sikuwa nimejiandaa, naongea na mama wa mguu habari za bei ya mitumba, mkono uko kwenye glovu tu kwa mazoea, nikasikia kitu kimevuta hapa ndani. Hapa. Kama kamba inayokaza kidogo. Nikaangalia. Gumba limeigusa shahada. Nikakaza, nikakaza mpaka jasho likanitoka kwenye nyusi. Na kwenye ncha ya kile kidole cha glovu maji yakajikusanya, yakaning'inia, yakadondoka kwenye beseni.

Tone moja!

Mama wa mguu ndiye aliyepiga vigelegele. Wodi nzima ikaitikia, manesi wakaja mbio wakidhani mtu amekata roho. Mama mkwe wangu akalichukua lile beseni lenye tone moja la maji akalizungusha kitanda kwa kitanda, kama anaonyesha mtoto mchanga. Nikalia mpaka nikachoka. Ndugu zangu, kuna mchanga aliyezaliwa humu mkononi, na mimi ndiye niliyemzaa.

Nikaruhusiwa kwenda nyumbani na furushi la glovu. Shemeji yangu, kwa aibu yake ya ile siku, alizitundika kila mahali. Jikoni glovu, zizini glovu, hata kwenye mgomba wa mlangoni. Wageni walikuwa wanauliza hii ni dini gani. Mwanzo tone, baadaye mchirizi mwembamba, baadaye mchirizi unaolia kwenye beseni. Na kila baada ya muda nashuka mjini kwa fizio ananipima, ananikataza, maana mimi ni mtu wa kutaka yote leo. Ile ngozi ya paja waliyonipandikiza kuziba kidonda ikashika. Fahamu ikaanza kurudi, inawasha kama upupu, na nilifurahia kule kuwasha kama mtu aliyeletewa zawadi.

Ruksa akazaa. Ndama jike, mzuri, ana doa jeupe usoni. Tukamwacha anyonye maziwa yake ya mwanzo. Shemeji akajaribu kumkamua mama yake kidogo, akapigwa teke akakaa kwenye mavi. Ruksa ana heshima zake.

Kamati ikaja. Mwenyekiti na wazee wenzake, na nyuma yao yule mama anayefuata kwenye foleni. Simtaji. Alikuja na kamba. Ameikunja vizuri begani, kamba mpya kabisa. Simlaumu, hata mimi ningekuja nayo. Lakini niliiona ile kamba, damu yangu ikachemka, na damu yangu siku hizi nikisema inachemka najua thamani yake.

Nikaosha chuchu. Nikakaa kwenye kigoda. Watoto wangu wamejipanga kwenye ukuta wa zizi. Nikaweka mkono wa kushoto pale, na wa kulia hapa. Mwenyekiti akasema, "Mama, tumia wa kushoto tu, hatutasema kitu."

Nikamwambia, "Baba, sharti ni sharti."

Nikafunga gumba na shahada. Cha kati. Cha pete. Kile cha mwisho hakifungi mpaka leo, ni mvivu, nilimwacha. Mchirizi ukapiga ndani ya ndoo. Mnaujua ule mlio wa maziwa ya kwanza kwenye ndoo tupu? Nikaendelea. Baada ya muda mkono ukaanza kutetemeka, msuli mchanga ule unaniambia mama nimechoka. Zamani ningeulazimisha. Nikauachia, nikaupumzisha kwenye goti, watu wote wanasubiri, Ruksa anatafuna. Mwenyekiti akasema, "Basi mama, tumeona, inatosha."

"Bado chuchu mbili, baba."

Nikarudi. Nikakamua, nikapumzika, nikakamua. Sikuona aibu kupumzika mbele ya watu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yangu kuliko ya vidole. Nilipoinuka ndoo ilikuwa na povu mpaka karibu na ukingo. Mama mkwe akashindwa kujizuia, akamwambia mwenyekiti, "Sasa tuombe Mungu!" Watu wakaanguka kwa kicheko, na yeye mwenyekiti mwenyewe akacheka akavua kofia.

Yule mama mwenye kamba aliondoka na kamba yake tupu siku ile. Lakini ndama yule jike wa Ruksa alipokua, mimi ndiye niliyemfunga kamba na kumpeleka kwake kwa miguu, na nilimvuta kwa mkono huu, njia nzima, na kwa makusudi nilipitia mbele ya nyumba ya kila mtu.

Ndiyo, ninajivuna. Mungu atanisamehe, Yeye anajua ilivyokuwa.

Ahsante zangu. Namshukuru daktari mkali, ambaye hakufanya haraka wakati sisi tulikuwa na haraka. Namshukuru fizio wa Tanga na ng'ombe wake wa mjini. Namshukuru shemeji yangu, aliyekata majani masika na kiangazi na hakuniacha hata alipopigwa teke. Mume wangu naye alirudi kutoka Mererani, jiwe hakupata, akakuta mke ana mkono. Akasema amepata. Na mama mkwe wangu, nilimtolea maneno mabaya pale kitandani na yeye akanijibu kwa loshoro na nyimbo. Mama, ahsante. Nimeyasema mbele za watu.

Neno langu kwenu ni hili. Mtu akiumwa na nyoka, msimfunge mpira. Mtulizeni, asitembee, mvueni pete na bangili, kiungo kikae kimya, mkimbizeni hospitali. Na kama mtu ameshafungwa zamani, msikate wenyewe njiani, mwacheni mwenye ujuzi afungue. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nyoka simwogopi sana. Nikiona kipande cha tyubu ndiyo nashtuka.

Na ninyi mliokaa hapa na mikono na miguu iliyonywea, mnaitazama mnaona maiti, msiizike kwa haraka. Kama damu inafika, humo ndani kuna wanaoamka. Hawapigi kelele na hawatakuambia lini. Kazi yako ni kurudisha mkono kwenye glovu kila siku, hata siku unayoichukia.

Nimemaliza, mwenyekiti, usinitazame hivyo. Sasa nakwenda kusimama pale mlangoni, na hakuna atakayetoka bila kunipa mkono. Wa kulia. Wewe mama wa mlangoni, wewe ndiye wa kwanza. Ila nawaambieni mapema, wenye pete zivueni, maana mimi nikishika, nabana.